Kuwasha PBX ya laini 400 hotelini: anza na ethi, programu itasubiri

Mkuu, umesema makreti ya PBX mpya (mtambo wa simu za ndani) ya hoteli yameshafika, laini za ndani kama 400, E1 mbili (laini za kidijitali za kutoka nje) za TTCL, meneja anataka simu ziite Ijumaa, na unaomba kuelekezwa kuprogramu. Waliotangulia wamekujibu vizuri upande wa programu. Mimi nakurudisha nyuma kidogo. Nimefunga mitambo hii Dar na Zanzibar kwa miaka mingi, na mingi niliyoitwa kwenda kuifufua haikufa kwa programu, ilikufa kwa umeme. Ukikosea programu unafuta unaanza upya. Kadi ikiungua unaagiza nje, na kwa mitambo ya zamani huenda usiipate kabisa: Nortel walifilisika 2009, Panasonic wakatangaza 2022 kwamba wanaachana na biashara ya PBX, na mahoteli bado yamejaa mashine zao.

Kwa hiyo kabla hujafungua kreti, pima ethi, yaani njia inayopeleka umeme ardhini. Usikubali kuambiwa na fundi wa jengo kwamba "ethi ipo". Azima mita ya ethi, ile yenye nondo mbili ndogo za kuchomeka ardhini mbali na nondo kuu, upate namba. Kitabu cha mtambo wako kitakuambia kikomo. Wengine wanataka chini ya omu 5, wengine omu 1. Kwenye majengo ya pwani usidanganyike na ukaribu wa bahari, maana mchanga mkavu juu ya mwamba wa matumbawe hupitisha umeme vibaya sana.

Kuna hoteli moja ya ufukweni niliitwa baada ya radi. Kadi za ekstensheni zimeungua safu nzima, nyingine zina alama nyeusi pale waya zinapoingilia. Nikafuata waya wa ethi kutoka kwenye kabati, umepita vizuri ukutani, rangi ya kijani na njano, hadi chooni, umekazwa kwa klipu kwenye bomba la maji. Zamani bomba lilikuwa la chuma. Mafundi bomba walikuja kukarabati, wakaweka la plastiki, wakabakiza kipande cha chuma kama futi mbili pale kwenye klipu. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa.

Na hapa nitabishana na mchangiaji aliyesema uchimbie PBX nondo yake peke yake, "ethi safi" isiyogusana na ya umeme. Hapana. Nondo mbili zisizounganishwa maana yake radi ikipiga, moja inapanda volti maelfu juu ya nyingine, na njia ya kusawazisha hiyo tofauti ni kadi zako. Ukitaka nondo ya ziada chimbia, lakini iunganishe na ethi kuu ya jengo kwa waya mnene. Kabati la PBX, fremu ya MDF (pale nyaya zote za simu zinapounganishwa) na chesi ya rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC ya kuchaji betri) vyote viishie kwenye baa moja ya ethi.

Umeme wa kawaida: pima laivu kwa nyutro, kisha nyutro kwa ethi. Hiyo ya pili watu huiruka. Ikizidi volti mbili tatu, mwite fundi umeme kwanza. Halafu mwambie azime TANESCO jenereta iingie, upime tena. Nimeshaona nyutro kwa ethi ni volti moja kwenye TANESCO, jenereta ikiwaka inaruka hadi makumi, kwa sababu nyutro ya jenereta haikufungwa ethi popote.

Sasa betri, maana ndipo vijana wengi wanapochanganyikiwa. Mtambo mkubwa unakula volti 48 za DC, lakini ni hasi 48. Yaani chanya ndiyo inayokwenda ethi, na hasi ndiyo yenye moto. Waliamua hivyo tangu enzi za nyaya za shaba zilizozikwa ardhini, kwa sababu chanya ikiwa ethi shaba hailiwi haraka na kutu ya umeme. Ukiwa umezoea magari na sola, mkono wako utataka kufunga hasi kwenye ethi. Usiusikilize.

Betri nne za volti 12 kwa mfululizo. Pima kila moja peke yake, kisha mnyororo mzima kabla ya kuugusisha na rektifaya: utasoma kama volti 50 au 51. Ukisoma 26, moja umeigeuza. Vua pete, vua saa, na spana ifunge tepu ya insuleta ubakize mdomo tu. Betri hizi zikigusanishwa zinatoa ampia maelfu kwa kufumba na kufumbua, na pete inageuka kaa ikiwa kidoleni. Rektifaya iweke volti 54 hivi ya kuchaji taratibu. Ukubwa wa betri ni hesabu rahisi: mtambo ukila ampia 8 na unataka saa 8, hiyo ni ampia-saa 64, ongeza akiba, chukua za 100. Chumba kiwe na kiyoyozi, kwa sababu betri za asidi zilizofungwa hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Ila kiyoyozi kisikae juu ya kabati; siku moja kitadondosha maji.

Kuwasha kwenyewe hakuna mbwembwe. Kadi zote zitoke, hata ya kontroli. Breka ya betri iwe chini, imezimwa. Washa rektifaya peke yake, pima volti na upande wa chanya na hasi pale mdomoni mwa kabati, sio kwenye rektifaya. Kisha breka ya kabati, sikiliza feni, angalia taa ya pawa saplai. Zima, vaa mkanda wa mkononi wa ethi, ingiza kadi ya kontroli, washa, subiri imalize kuamka hata kama inachukua dakika za kutosha kunywa chai. Ndipo kadi za laini, moja moja. Kama kitabu hakijasema wazi kwamba kadi inaingizwa umeme ukiwaka, zima kwanza.

E1 nitapita haraka. Mbps 2.048, njia 32, za sauti 30, njia namba sifuri ni ya kuoanisha pande mbili na namba 16 ni ya ishara za simu. Taa ikibaki nyekundu, badilisha kutuma na kupokea, kisha linganisha CRC4 (mpangilio wa kukagua makosa) na wenzako wa upande wa pili. Saa ya mtambo (mapigo yanayoongoza mwendo wa data) ifuate ya TTCL, usiiache ijiongoze, la sivyo simu zitapita lakini faksi na mashine za kadi za benki zitakata hovyo.

Kwenye MDF, ukibana jozi ya nyaya kwenye krone (vibanio vya nyaya za simu) usishike ncha kwa vidole mtambo ukiwa hai. Laini ikiwa kimya ni volti 48, huisikii. Ikiita ni volti 75 hadi 90 za AC, na inang'ata.

Kabla ya kukabidhi, nenda chumba chochote cha mgeni upige 112, namba ya dharura, bila kutanguliza 9 ya kutoka nje, uone kama inatoka. Mwaka 2013 mama mmoja aliuawa katika moteli huko Texas huku binti yake akipiga 911, namba ya dharura ya kwao, mara kwa mara, haipiti, kwa sababu hakujua lazima aanze na 9. Marekani wakatunga sheria 2018, Kari's Law, kwa jina la mama huyo. Mgeni wako naye hajui 9 yako.

Ijumaa mwambie meneja asubiri. Pima ethi, nyutro kwa ethi kwenye TANESCO na kwenye jenereta, na volti ya kila betri. Weka namba hapa pamoja na modeli ya rektifaya, tuziangalie kabla hujapandisha breka.