Mama hataki kusikia habari za daktari wa akili

SWALI: Mhariri, mama yangu ana miaka 71 na anaishi peke yake kijijini tangu baba alipofariki mwaka jana. Usiku hapati usingizi, chakula anakionja tu, na kila nikimpigia simu analalamikia mgongo na kifua, ilhali vipimo havikuonyesha tatizo. Nilipomtajia daktari wa magonjwa ya akili alinijibu, "Mwanangu, mimi sijawa kichaa." Isitoshe, hospitali yenye daktari huyo iko mbali. Je, huu ni uzee tu?
Kifungua Mimba

JIBU: Pole kwa msiba. Uzee huufanya usingizi uwe mwepesi, lakini si kawaida yake kumwondolea mtu hamu ya kula kwa miezi mfululizo. Dalili unazozieleza zinafanana na za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ambayo kwa wazee wengi hulalamikiwa kama maumivu ya mwili kabla mwenyewe hajatamka neno huzuni, ingawa kuithibitisha ni kazi ya atakayempima ana kwa ana.

Naona mama amelikataa jina zaidi ya tiba yenyewe, na kwa mkazi wa kijijini ana sababu, kwa kuwa akionekana kwenye lango la hospitali hiyo asubuhi, jioni habari zimeshafika kila nyumba. Basi anzeni na zahanati ya karibu, na mwendee kwa lile analolikiri mwenyewe: "Mama, twende wakuangalie huku kukosa usingizi." Huo si ulaghai, maana usingizi ni sehemu ya ugonjwa. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwawezesha wahudumu wasio mabingwa kutibu sonona, na mojawapo ya vipimo vinavyotumika ni maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita, yasiyohitaji mashine yoyote. Mwombeni tabibu achunguze pia upungufu wa damu, tezi ya shingo na dawa anazotumia, kwa sababu hayo nayo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Atakayemsindikiza ampe nafasi ya kubaki na tabibu peke yake. Sisi watoto tuna tabia ya kuwajibia wazazi, na wapo wasioweza kutaja machozi yao mbele ya mtoto.

Wengi wa mbali hukwama baada ya hapo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na mzee huanzishiwa kipimo kidogo, hivyo anayepewa dawa za siku chache, kisha akakosa nauli ya kurudi, huziacha akiamini hazifai kitu. Ulizeni mapema kama anaweza kupewa za mwezi mzima na kufuatiliwa kwa simu, na asiziache ghafla bila kuelekezwa. Pale penye mshauri nasaha, mazungumzo nayo ni tiba kamili, hata kwa umri wake.

Muulizeni waziwazi kama amechoka kuishi, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, dawa za kuulia wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya miadi.