Shangazi, mama akiniuliza nimeshindaje sina la kumwambia

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, nimepanga chumba na sebule Tabata, naishi peke yangu. Mwenzangu tunayekaa naye meza moja ofisini alikutwa na korona, na sisi tuliokuwa karibu naye tukaambiwa tukae ndani siku 14. Leo ni siku ya tisa. Sina homa wala kikohozi. Jana hakuna kilichotokea. Niliamka, nikanywa chai, nikafua gauni moja, nikalala mchana, nikaamka, jua likazama. Mama yangu yuko Muheza. Kila siku baada ya magharibi ananipigia kuniuliza nimeshindaje. Mwanzo nilimwambia ukweli, siku hizi naongopa: nimesoma kitabu, nimefanya mazoezi, najifunza kushona kwenye simu. Naona aibu kusema sikufanya kitu, wakati rafiki zangu wanaweka picha za keki walizooka na jirani yangu mama ntilie anatoka alfajiri kutafuta riziki. Na kuna jambo sijamwambia mtu: jana ule ukimya ulinipendeza. Je, nina tatizo?*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeirudia mara tatu, na mara zote nimekwama hapo kwenye gauni. Hukusema ni gauni gani wala ulilianika wapi, na masika hii ya 2020 nguo inashinda kwenye kamba na bado inaingia ndani mbichi. Nitalirudia hilo gauni.

Kwanza hiyo aibu. Wewe umepewa kazi moja tu, kukaa. Hizo siku 14 zina sababu yake. Mtu akiambukizwa kirusi hiki, wengi huanza kuona dalili kama siku ya tano hivi, lakini wapo wanaochelewa mpaka wiki ya pili, na anaweza kumwambukiza mwenzake siku moja mbili kabla hajajijua. Kwa hiyo siku yako ambayo hakuna kilichotokea ndiyo hiyo uliyoagizwa. Huyo mama ntilie anatoka alfajiri kwa sababu asipotoka watoto wake hawali, na watoto wenyewe wako nyumbani tangu shule zilipofungwa mwezi Machi, wanakula mchana kutwa. Yeye hana uwezo wa kukaa ndani. Wewe unao, na kila siku unayokaa umemwondolea hatari mlangoni kwake. Usimwonee haya.

Sasa lile zito zaidi. Kukaa ndani kwetu si jambo geni. Mzazi anakaa arobaini yake. Mjane anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wazaramo, wenyeji wa mji huu wa Dar es Salaam, walikuwa wakimweka mwali ndani muda mrefu mpaka siku ya kutolewa. Hata hili neno karantini asili yake ni arobaini ya Waitalia, siku 40 ambazo meli zilizuiwa kabla ya watu kushuka Venice, enzi za tauni. Lakini tazama jambo moja. Mwali alikuwa na kungwi wake. Mzazi ana mama au shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji. Mjane anapokea watu. Katika hao wote hakuna aliyewekwa ndani akaachwa bila wa kumpa hata kikombe cha maji. Wewe siku ya tisa hujaguswa bega na mtu. Ukiona siku nzito, basi ni nzito kweli, na usijiite dhaifu.

Mimi nilikaa eda Magomeni. Mwezi wa kwanza nyumba ilijaa, viatu mlangoni huwezi kuvihesabu. Mwezi wa tatu watu walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao, na ndivyo inavyopaswa. Kuna siku moja nilibaki peke yangu tangu asubuhi. Nikachukua ungo, nikamimina mchele kilo mbili, nikaketi kibarazani kwa ndani nauchambua. Mchele ulikuwa safi, wa Kyela, hauna hata jiwe. Niliupitia punje kwa punje, nikaupeta, nikaurudisha kwenye ndoo, nikaumimina tena. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, nikajua ni alasiri. Jioni wifi yangu akaja akaniuliza, "Wifi, umeshindaje?" Nilikuwa na majibu mengi ya kumridhisha. Nikamwambia, "Nimechambua mchele." Akauliza, "Ulikuwa na chuya?" Nikasema, "Hata moja." Akavua ushungi, akakaa pembeni yangu, akavuta ungo tukaanza upya wawili. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza tangu msiba.

Ningemwambia nilishinda nasoma, angefurahi, angeniaga, angeondoka.

Hiyo ndiyo hofu yangu kwa uwongo wako, mwanangu. Najua ni mdogo na unausema kwa mapenzi. Lakini zimebaki siku tano, na mama yako yuko Muheza, hakuoni. Macho yake kwako ni hiyo simu tu. Ukizoea kumpaka siku rangi, siku ukiamka na joto mwilini utamwambia "mzima, nimefanya mazoezi", na hakuna atakayejua. Anayekaa peke yake lazima awepo mtu mmoja anayepewa habari zake kama zilivyo. Mama anapokuuliza umeshindaje hakudai hesabu ya kazi. Anataka kusikia sauti yako ikisema jambo la kweli, hata dogo kama kijiko.

Kuhusu kupendezwa na ukimya: huna tatizo. Tangu uanze kazi nadhani unaamka saa 11 alfajiri ugombanie daladala, unashinda kwenye kelele, unarudi na foleni ya Barabara ya Mandela. Mwili umepata siku moja ya kupumua, umeshukuru. Kuipenda siku hiyo hakumaanishi umefurahia maradhi ya mwenzako. Ila nikuombe uwe mkweli hata hapa: ukimya wa kupumzika unakuacha unakula na unalala usiku. Ukiona chakula hakipiti, usingizi umekukimbia, au unalia siku ya pili mfululizo, huo ni ukimya mwingine, na usiubebe mwenyewe. Mteue rafiki mmoja akupigie kila adhuhuri, mbali na mama. Mboga na mkate wakuletee waache mlangoni. Na ikitokea homa, kikohozi au pumzi kukata, usijikokote kwenda kupanga foleni na watu. Piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, wakuelekeze.

Picha za keki zipite tu. Mwenye keki naye ana saa zake za kutazama dari, hazipigi picha.

Leo magharibi simu ikilia, usitafute la kusema. Anza na gauni. Mwambie mama ni lipi, kama ni lile analolijua yeye. Mwambie ulilianika wapi, na kama mvua ililiwahi. Atakuuliza mwenyewe kama ulilisuuza vizuri.