Kwa Mnaoanza Kumsoma Lovecraft: Hofu za Mtu na Hadithi Zake

Mwaka wa kwanza nilipofundisha hadithi za Howard Phillips Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, mwanafunzi mmoja aliyekulia mwambao alinyoosha mkono akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: kwa nini mtu mzima aogope kitoweo? Tulikuwa tumetoka kusoma maelezo ya Cthulhu, yule kiumbe wa kale mwenye kichwa mfano wa pweza na minyiri inayoning'inia usoni, na sidhani kama kulikuwa na mtu darasani ambaye hakuwahi kunywa supu ya pweza. Wote walicheka, nami nikacheka, lakini swali lile limenifaa kuliko vitabu vingi vya uhakiki. Lovecraft hakuweza kuvumilia samaki wala chochote kitokacho baharini. Harufu yake tu ilimchefua. Alichokitoa kwa wasomaji kama kitisho cha walimwengu wote kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kinyaa chake mwenyewe kilichovikwa vazi la ulimwengu. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kusoma fasihi ya kutisha, na zaidi wale mnaotaka kuiandika, kwa sababu nilichukua miaka mingi kuelewa kile ambacho kijana yule alikiona katika kipindi kimoja.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la haraka. Insha niliyoandika nikiwa mwanafunzi ilikuwa na safu mbili, upande mmoja masaibu ya Lovecraft na upande wa pili hadithi zake. Baba yake alishikwa na wazimu akiwa safarini Chicago mwaka 1893, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu, akalazwa katika Hospitali ya Butler mjini Providence, jimbo la Rhode Island, hadi alipofariki mwaka 1898. Mama yake aliingizwa hospitali hiyohiyo mwaka 1919 na akafia humo mwaka 1921. Kwa hiyo, nikaandika, hadithi zake zimejaa watu wanaorukwa na akili. Baridi ilimtesa, kwa hiyo akaandika "Cool Air", hadithi ya daktari ambaye amekwisha kufa lakini mwili wake unadumu kwa mashine ya kupoza hewa. Utotoni aliota viumbe weusi wenye mabawa na wasio na nyuso, waliomnyakua kitandani na kumpeperusha angani. Kwa hiyo wakatokea baadaye katika maandishi yake. Mwalimu wangu aliirudisha insha akiwa ameandika pembeni sentensi moja: wako wengi waliopoteza wazazi wao katika hospitali za wagonjwa wa akili, na hawakuandika chochote.

Maisha ya mwandishi hutueleza kuni zilitoka wapi, lakini hayatuelezi chakula kilipikwaje. Hata kuhusu kuni zenyewe yafaa kuwa na tahadhari, maana barua za Lovecraft, ambazo inakadiriwa zilifikia 100,000, hueleza alichotaka kiaminike au alichoambiwa, na si kila mara kilichotokea. Kuhusu baba yake aliandika kwamba alipooza, ilhali kumbukumbu za hospitali zinaonyesha ugonjwa wa ubongo ambao leo hujulikana kuwa ni kaswende iliyokomaa. Tangu insha ile irudi nimejizoeza kuuliza swali jingine ninaposoma: hofu hii, popote ilipotoka, mwandishi amempa nani aibebe ndani ya hadithi?

Chukueni "The Horror at Red Hook". Mwezi Machi 1924 Lovecraft alimwoa Sonia Greene, Myahudi mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa na kazi yake nzuri katika biashara ya kofia za wanawake, akahamia kwake Brooklyn, sehemu ya jiji la New York. Mambo yalianza kuharibika mapema. Biashara ya mke haikusimama, mume hakupata kazi, na mwaka uliofuata Sonia alilazimika kwenda kufanya kazi mbali huku mumewe akibaki katika chumba cha kupanga mtaa wa Clinton, karibu na bandari ya Red Hook. Mwezi Mei 1925 wezi waliingia chumbani na kuchukua karibu suti zake zote. Kwa mtu aliyejiona muungwana wa ukoo wa kale, akiwa hana fedha na sasa hana hata nguo, hilo halikuwa jambo dogo. Mwezi Agosti akaandika hadithi ambayo ndani yake wahamiaji wa Red Hook, yaani Washami, Wahispania, Waitaliano na watu weusi, ni wafuasi wa ibada ya kishetani inayofanyika chini ya nyumba zao.

Isomeni mkiwa na kalamu, mpige mstari chini ya kila kivumishi kinachowahusu wakazi wa mtaa ule, kisha mtafute ni wapi mkazi mmoja anapewa nafasi ya kusema jambo lenye maana. Wakazi wale ni umati, ni kelele, ni harufu. Wayazidi, jamii yenye dini yake ambayo kwa karne nyingi imesingiziwa kumwabudu shetani na kuuawa kwa sababu ya uzushi huo, wanaingizwa humo kama waabudu shetani kweli, bila swali. Polisi Malone, ambaye ndiye mhusika mkuu, anatoka katika hadithi akiwa anajua kilekile alichokihisi alipoingia, nayo ni kasoro ya ufundi kabla hata hatujafika kwenye maadili: chuki ilikuwa imekwisha kumjibu mwandishi kila swali, hivyo hapakubaki kitu cha kugundua. Inasemekana hata mwenyewe hakuiridhia sana.

Miezi michache baadaye, akiwa bado New York, aliandika "Cool Air", na humo mna daktari Mhispania aliyechorwa kwa heshima kubwa, msomi mwenye adabu na vitabu vizuri, huku mwenye nyumba, naye Mhispania, akidhihakiwa kwa sura yake na kwa Kiingereza chake kibovu. Nilipita juu ya tofauti hiyo mara nyingi nisiione. Chuki ya Lovecraft ilijua kupambanua matabaka: mgeni mwenye nasaba na elimu aliweza kusamehewa ugeni wake.

Sasa wekeni kando ya hizo "The Shadow over Innsmouth", aliyoiandika mwishoni mwa mwaka 1931 akiwa amerudi Providence zamani. Kijana anafika katika mji wa bandari uliochakaa huko Massachusetts, ambako watu wana macho yaliyotoka na yasiyopepesa, na anakuja kujua kwamba wazee wa mji walichanganya damu na viumbe wa baharini, jambo lililoanzia kwenye safari za biashara za nahodha mmoja katika visiwa vya bahari ya kusini. Kitisho ni kilekile cha Red Hook, hofu ya damu kuchanganyika, na hata samaki wake amerudi. Hata hivyo, katika kurasa za mwisho kijana anagundua kwamba mama wa bibi yake alitoka katika ukoo uleule. Anatazama kioo na kuona uso wake ukibadilika siku hadi siku. Anafikiria kujiua, kisha anaghairi na kuanza kuitamani bahari. Aliyebebeshwa hofu safari hii ni msimulizi mwenyewe, yaani yule anayefanana sana na mwandishi. Jirani mmoja alikuja kukumbuka kwamba mama yake Lovecraft alikuwa akisema mwanawe ana sura mbaya mno kiasi cha kukwepa kuonekana na watu. Sitawaambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyozaa nyuso za Innsmouth, maana nitakuwa nimerudi kwenye safu zangu mbili. Nasema tu kwamba mtu aliyewashuhudia wazazi wote wawili wakiishia hospitali ileile alikuwa na sababu ya kujiuliza amerithi nini, na alipothubutu kuliuliza swali hilo juu yake mwenyewe badala ya kuliuliza juu ya jirani zake wa Brooklyn, hadithi ilipata mwisho ambao msomaji haumtoki.

Msidanganyike, lakini, mkadhani ufundi huo umeisafisha hadithi. Nilikuwa nimeisoma mara nne au tano kabla ya kusimama kwenye ukurasa wa kwanza, ambako serikali inawakamata wenyeji wa mji kwa wingi na kuwapeleka makambini bila mashtaka, naye msimulizi analieleza jambo hilo kwa utulivu wa mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Kwetu sisi tunaosoma kutoka upande huu wa dunia, na hasa ndugu zetu wa Kongo, iko hadithi nyingine isiyokwepeka. Ni ile ya Arthur Jermyn, ya mwaka 1920, kuhusu mwana wa ukoo wa makabaila wa Uingereza anayegundua kwamba mke wa babu yake mmoja wa kale, mvumbuzi aliyesafiri Kongo, hakuwa Mreno kama ilivyodaiwa bali alikuwa nyani mweupe kutoka msituni. Anajimwagia mafuta na kujichoma moto. Lovecraft hakuwahi kukanyaga Afrika. Mwaka huohuo aliandika "The Picture in the House", ambamo mzee wa kijijini huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, anakodolea macho picha ya bucha la nyama ya watu katika kitabu cha kale kuhusu Kongo. Wasomi wameonyesha kwamba kitabu hicho Lovecraft hakukisoma, bali alikifahamu kupitia maandishi ya mwanasayansi Thomas Huxley. Kongo yake ilikuwa nakala ya nakala.

Nawaomba mkumbuke tarehe hapa, kwa sababu ndipo kusoma na kalamu kunapolipa. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, juu ya unyama wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo ilitolewa mwaka 1904, picha za watu waliokatwa mikono zilienea Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa koloni lile likakabidhiwa serikali ya Ubelgiji. Miaka kumi na miwili baadaye, mwandishi anayetafuta kitisho katika Kongo anakipata kwenye damu ya nyani, na katika hadithi hiyohiyo ya Jermyn wakala Mbelgiji kwenye kituo cha biashara ni mtu mwema anayesaidia kutafuta mabaki ya yule nyani mweupe, anayeitwa mungu mke. Kitisho halisi kilikuwa kimekaa kwenye dawati la wakala, naye mwandishi alimpita akaingia msituni.

Hapo ndipo mtaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Ni kweli kwamba mwaka aliohamia New York ndio mwaka Marekani ilipopitisha sheria kali ya kuwabana wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya na kuwafungia mlango watu wa Asia. Lakini zama hazikuwa na sauti moja. Rafiki yake wa karibu, James Morton, alikuwa ameandika kijitabu cha kupinga ubaguzi wa rangi takriban mwaka 1906, na mwaka 1915 alijibizana na Lovecraft hadharani juu ya mawazo hayohayo kabla hawajawa marafiki. Sonia, mke wa Lovecraft, alikuwa Myahudi, na alisimulia baadaye jinsi mumewe alivyokuwa akighadhibika mbele ya umati wa wahamiaji na jinsi alivyolazimika kumkumbusha kwamba yeye pia ni mmoja wao. Hoja ya kupinga ilikuwa mezani kwake na chumbani kwake. Katika miaka ya thelathini, kabla ya kufa kwa saratani mwaka 1937, alibadilika sana katika siasa, akaunga mkono sera za Rais Roosevelt na kuelekea kwenye ujamaa. Kuhusu watu weusi hakusogea kiasi cha kutajika.

Nimewasema wengine vya kutosha. Hadithi yangu ya kwanza ndefu ilikuwa na mganga mwovu, na mganga yule, bila mimi kufikiri hata dakika moja, nilimtoa Sumbawanga. Mhariri aliyeupitia muswada aliniuliza kama nimewahi kufika huko. Sikuwahi. Aliniuliza tena ni jambo gani hasa la Sumbawanga nililohitaji, barabara, chakula, lugha ya watu, na nikatambua kwamba nilihitaji jina tu, kwa kuwa masihara ya vijiweni kuhusu uchawi wa huko yalikuwa yamekwisha kunifanyia kazi ya kumtisha msomaji. Nikalaumu soko, nikalaumu wasomaji, kisha nikaanza upya. Mganga akahamia mtaa niliokulia na kupewa sauti ya mjomba wangu, na kwa mara ya kwanza niliogopa kuandika sura iliyofuata.

Mwisho, someni waliomjibu. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Tuzo ya Dunia ya Fantasia, ambayo sanamu yake ilikuwa kichwa cha Lovecraft, na akaandika waziwazi juu ya uzito wa kumweka nyumbani mtu aliyewahi kutunga shairi la kuwatweza watu weusi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba sanamu hiyo haitatolewa tena. Mwaka 2016 Victor LaValle alichapisha "The Ballad of Black Tom", inayoirudia hadithi ya Red Hook kupitia kwa kijana mweusi wa Harlem, na akamtunukia Lovecraft kitabu hicho huku akikiri kwamba hisia zake juu yake zinagongana. Humo baba wa kijana anapigwa risasi chumbani kwake akiwa ameshika gitaa, na aliyempiga anaeleza jambo hilo kama mtu aliyetimiza wajibu.

Wekeni vitabu hivyo viwili kando kwa kando, mfungue sehemu zinazoelezea Red Hook, na kabla hamjaandika neno lolote la uhakiki mhesabu, katika kila kimoja, ni wakazi wangapi wa mtaa ule wenye majina.