Kabla hujaandika "Kaspi": maneno kwa wanaoanza kutambua buabua wakubwa

Jumamosi nilikaa na vijana watatu kando ya fungu la mchanga, maji yakijaa. Akaja buabua mkubwa, ndege wa majini mla samaki, peke yake, na kabla hajafika usawa wetu wote watatu walikuwa wameshaandika "Kaspi", yaani buabua wa Kaspi. Nikauliza wameona nini. Jibu lilikuwa moja: mdomo mwekundu. Wapendwa wangu, hapo ndipo nami nilipoangukia, na sitaki muanguke papo hapo.

1. Anzeni na chini ya bawa. Buabua wa Kaspi (Hydroprogne caspia) akipita juu yenu, manyoya marefu ya ncha ya bawa ni meusi kwa chini, kana kwamba yamepakwa masizi. Buabua kishungi mkubwa (Thalasseus bergii) hapo ni mweupe, ana ukingo mwembamba tu wa kiza upande wa nyuma, karibu na ncha.

2. Mdomo: unene kwanza, rangi baadaye. Na hapa niwaeleze yaliyonikuta.

Mwaka ule niliaminiwa fungu langu mwenyewe katika hesabu ya ndege wa maji. Jua lilikuwa linazama nyuma yangu, mwanga umegeuka dhahabu, ndege wametulia kifua kwa upepo. Nikaelekeza teleskopu kwa wa kwanza. Mkubwa, mdomo unawaka kama karoti. Kaspi! Tangu hapo sikutazama tena, nilihesabu tu. Nikaandika 41 kwa wino, nikapiga picha tatu za ukumbusho, na fomu nikaituma usiku uleule.

Siku ya tatu mratibu wa hesabu akanipigia. Hakufoka. "Mwanangu, hao ndege wako mapaji yao yalikuwaje?" Sikukumbuka. "Na chini ya bawa?" Nikanyamaza, maana walikuwa wamekaa na sikusubiri hata mmoja aruke. Nikafungua picha nikiwa bado nimeshika simu. Utepe mweupe kati ya mdomo na kofia nyeusi ya kichwani, ule ambao kishungi mkubwa huwa nao hata msimu wa kuzaa. Mdomo mrefu, mwembamba, umeinama kidogo kuelekea chini. Ulikuwa wa njano, jua la magharibi ndilo lililoupaka rangi.

Ningeweza kusahihisha jina nikalala. Lakini picha zote tatu zilionyesha ndege 9 tu. Wale 32 waliobaki walikuwa nani? Huenda Kaspi walikuwamo kweli. Hakuna atakayejua tena, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na teleskopu pale hakutazama. Mstari mzima ukafutwa. Fungu lile, mwaka ule, kwa buabua wakubwa halina kitu. Bado linaniuma.

3. Ukubwa haukusaidii ndege akiwa peke yake. Kaspi ndiye buabua mkubwa kuliko wote duniani, mabawa yakinyooka hufika sm 145, lakini kwa mbali, bila jirani wa kumlinganisha, jicho hudanganyika. Tafuteni shakwe pembeni yake. Angalieni shingo nene, mkia mfupi, na mapigo ya mabawa ya polepole.

4. Nje ya msimu wa kuzaa, paji la Kaspi huwa na michirizi ya kijivu, halitakati. La kishungi huwa jeupe kabisa.

5. Mnaotazama pwani za Amerika, mtego wenu ni buabua mwingine, Thalasseus maximus, mwenye mdomo wa rangi ya machungwa. Bawa litawatoa hapo pia. Na wale wa Afrika Magharibi waliokuwa wakihesabiwa pamoja naye sasa ni spishi yao wenyewe, T. albididorsalis. Kama kitabu chako ni cha zamani, kirekebishe kwa kalamu leo.

6. Tumieni masikio. Kaspi mzima hutoa sauti nzito ya kukwaruza, ukiisikia mara moja huisahau. Kinda wake hupiga mluzi mwembamba wa kuomba chakula, na huendelea kumfuata mzazi kwa miezi hata wakiwa safarini. Kwa hiyo mkisikia mluzi huo msitafute ndege mdogo, tafuteni mzazi aliye mbele yake.

Sasa yule wa Jumamosi. Aligeuka juu ya mkondo, akainamisha mdomo kutafuta samaki, na bawa likafunguka juu yetu: jeusi kwa chini, bila ubishi. Vijana walikuwa wamepatia. Walifurahi na mimi nikafurahi nao, kisha nikawaomba wakate walichoandika na kuanza upya. Mdogo wao alininunia kidogo, ila aliandika, na ukurasa wake ndio ninaoupenda kuliko yote ya siku ile: "Chini ya bawa, nyeusi nchani. Mdomo mnene. Paji jeusi. Kaspi, 1."