Maiki za chumba kwenye dramu: jibu kwa mwenye chumba cha mita 5 kwa 4

Mkuu, umesema chumba chako ni mita 5 kwa 4, dari mita 2.6, na kwamba baada ya ovahedi (maiki za juu ya seti) na maiki za karibu (za kila dramu) umebakiwa na maiki mbili za kondensa za kadioidi, yaani zinazosikia zaidi mbele, na maiki moja ya riboni. Unataka kujua uweke XY (maiki mbili vichwa pamoja, zikitazama pande tofauti), jozi iliyotenganishwa, au maiki moja tu, na kama kuna haja ya kufunika kuta. Waliotangulia wamekutajia mipangilio wanayoipenda. Kwa chumba cha ukubwa huo, mimi mpangilio naufikiria mwishoni kabisa. Kwanza najiuliza maiki ya chumba inakuja kufanya nini kwenye wimbo huu, kisha natafuta pa kuiweka.

Maiki za karibu zinaleta mpigo, na ovahedi zinaleta matoazi na sura ya seti nzima. Maiki ya chumba inabakiwa na habari ya mahali: seti ilipigwa wapi, na msikilizaji amesimama umbali gani. Zipo nyimbo zisizohitaji habari hiyo. Wimbo wa kasi wenye besi dramu mfululizo na gitaa zilizojaa hauachi nafasi ya mkia wa chumba, yaani mwangwi unaobaki baada ya mpigo; mkia huo unaishia kuwa ukungu juu ya kila kitu. Hapo huwa narekodi chumba kwa akiba tu, na kwenye miksi mara nyingi treki hiyo inazimwa. Rock ya mwendo wa taratibu, yenye snea (dramu ya mlio mkali wa katikati) inayoachiwa ipumue, hapo chumba kinalipa.

Sasa mahali. Mwambie mpiga dramu apige mdundo wa wimbo wenyewe, siyo mbwembwe, nawe uzunguke chumba huku umeziba sikio moja. Sikio moja linakaribia kusikia kama maiki, maana masikio mawili yana ubongo nyuma yao unaosafisha mengi. Inama hadi usawa wa goti, simama, sogea kwenye kona, rudi katikati. Utasikia besi dramu ikinenepa na kukonda bila mpiga dramu kubadilisha chochote.

Sababu yake inapigika hesabu. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na kila jozi ya kuta zinazotazamana huwa na masafa yanayojirundika kati yao. Gawanya 343 kwa urefu mara mbili: mita 5 zinakupa takriban hezi 34, mita 4 zinakupa 43, na dari yako ya 2.6 inakupa 66. Hiyo 66 ndiyo ya kuangalia, kwa sababu besi dramu nyingi zina uzito wake maeneo hayohayo. Shinikizo la wimbi hilo huwa kubwa sakafuni na darini, na katikati, mita 1.3 kutoka chini, linakaribia sifuri. Watu wengi huweka stendi ya maiki ya chumba urefu gani? Usawa wa kifua! Halafu wanalalamika kwamba chumba kimejaa matoazi na besi dramu haina tumbo, wanakimbilia kununua maiki nyingine. Ukitumia kondensa, shusha stendi hadi sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni kabla hujagusa kitu kingine chochote. Faida ya pili ni kwamba huko chini unakuwa mbali zaidi na matoazi.

Matoazi ndiyo adui mkubwa wa chumba kidogo kuliko hata dari. Ukiweka kompresa kali (kifaa cha kubana sauti kubwa) juu ya maiki ya chumba, na karibu kila mtu huweka, inapandisha kila kilichokuwa chini, na cha kwanza kupanda ni hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyagwa kwa mguu. Mpiga dramu anayekandamiza hai-hati na kubembeleza snea hana maiki itakayomsaidia. Ongea naye mapema, kwa upole, kabla ya kurekodi.

Hapo ndipo riboni yako inapopata kazi. Riboni nyingi husikia kwa umbo la nane, yaani mbele na nyuma, huku pembeni kote, juu na chini zikiwa kama viziwi. Isimamishe wima, kisha igeuze ubavu wake uutazame seti, nyuso zake mbili zitazame kuta za kushoto na kulia. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye seti inapungua sana, sauti inayorudishwa na dari na sakafu nayo inapungua, na kinachobaki zaidi ni kilichogonga kuta za pembeni na kurudi. Chumba cha mita 4 kinaanza kusikika kikubwa kuliko kilivyo, kwa sababu umeondoa kile kinachomwambia msikilizaji kwamba seti iko hatua chache tu mbele yake. Isitoshe, riboni huwa na makali machache juu, kwa hiyo kompresa ikibana, matoazi hayachomi. (Angalia umeme ambao kondensa hupelekewa kupitia waya wa maiki, usiwe umewashwa kwenye njia hiyo. Riboni nyingi zinauvumilia kama waya ni mzima, lakini mimi huuzima.)

Na kwa vile riboni tayari inatazama pembeni, weka kondensa moja juu yake, vichwa vikikaribiana kabisa, ikitazama seti. Hapo umepata mpangilio wa kati na pembeni bila kununua kitu. Rekodi treki mbili. Kwenye kompyuta nakili treki ya riboni, geuza polariti ya nakala (wimbi lipinduliwe juu chini), peleka moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, kondensa ibaki katikati. Ukiongeza pembeni chumba kinapanuka, ukipunguza kinasinyaa, na uamuzi huo unaufanya wakati wa miksi ukiwa umeshasikia gitaa na sauti. Kasoro yake ni kwamba kwenye mono, kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa njia moja, zile pembeni mbili zinafutana na kupotea zote, kwa hiyo usitegemee upana huo ubebe wimbo. Ukiona stereo haikusaidii, tumia riboni peke yake kama mono, uibane. Kwa rock ya chumba kidogo, mara nyingi naishia hapo.

Kuhusu XY uliyoiulizia: haina ubaya, sauti inazifikia maiki zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiziunganisha kuwa mono hazifutani. Ila seti yenye upana wa karibu mita 2, ukiiangalia kutoka mita 3, inachukua pembe ndogo tu, na kadioidi mbili kwa nyuzi 90 zitakupa picha karibu na mono. Unatumia njia mbili kupata kitu cha njia moja. Mpangilio wa ORTF, maiki mbili zikiachana sentimita 17 na kutazama pande tofauti kwa nyuzi 110, unafungua zaidi. Jozi iliyotenganishwa ndiyo inayotoa upana mkubwa kuliko zote, lakini pima kwa kamba kutoka katikati ya snea hadi kila maiki mpaka umbali ulingane, la sivyo snea inahamia upande mmoja na kupoteza mwili ukibonyeza mono. Ule wa mhandisi Alan Blumlein, ulioombewa hataza mwaka 1931, unataka maiki mbili za umbo la nane, nawe unayo moja. Hata ungekuwa nazo, mgongo wake unasikia ukuta wa nyuma sawasawa na mbele, na ukuta wako wa nyuma uko karibu mno.

Mmoja wenu ametaja Beyerdynamic M160, maiki ya riboni, kwa sababu ya dramu za John Bonham wa Led Zeppelin. Ni kweli, fundi sauti Andy Johns alitumia M160 mbili pale Headley Grange, Uingereza. Lakini alizitundika juu kwenye ngazi ya jumba refu lenye ukumbi wazi, seti ikiwa chini. Kilichosikika zaidi ni ile ngazi. Vivyo hivyo ile sauti ya dramu za Phil Collins kwenye albamu ya Peter Gabriel ya 1980, iliyorekodiwa na fundi sauti Hugh Padgham studio za Townhouse, London: chumba cha mawe, maiki ya mawasiliano (ya wanamuziki kuongea na fundi) yenye kompresa kali kupita kiasi, na geti, kifaa kinachofunga sauti ikishuka, la kukata mkia ghafla. Wazo la geti unaweza kuliazima bila mawe. Weka geti kwenye maiki ya chumba, lifunguliwe na treki ya snea, na matoazi yatapita tu pale snea inapolia.

Usivute treki ya chumba mbele ilingane na snea kwenye kompyuta. Mita 3 ni takriban milisekunde 9, na ucheleweshaji huo ndio sehemu kubwa ya chumba. Mimi hufanya kinyume: nairudisha nyuma milisekunde 10 hadi 15 zaidi, seti inasogea mbali na ukuta. Ukizidisha sana, hasa jumla ikipita 30 hivi, snea inaanza kusikika mara mbili. Kila ukisogeza, geuza polariti na uchague upande wenye besi dramu nene zaidi, ukisikiliza treki zote pamoja, siyo chumba peke yake.

Kuhusu kufunika: anza na dari juu ya seti. Ovahedi zikiwa sentimita 60 chini ya dari, sauti inayorudishwa na dari inazifikia ikichelewa milisekunde 3 na ushee, na hiyo ndiyo inayofanya matoazi yasikike kama yapo bombani. Paneli nene ya pamba ya mawe, sentimita 10 au zaidi, iliyoachwa nafasi kidogo kutoka darini, inasaidia kuliko blanketi, kwa kuwa blanketi hula sauti za juu tu na kuacha za kati zikizagaa. Kuta mbili ambazo riboni inazitazama ziache wazi.