Presi ya kutengenezea ala za visu: anza na sponji

Wanaotaka kujitengenezea presi ya ala za plastiki huniuliza kwanza habari za nguvu. Jeki ya gari itafaa? Tani ngapi zinatosha? Mimi huwarudisha kwenye sponji. Plastiki iliyopata joto sawasawa huwa laini kama ngozi iliyolowekwa usiku kucha. Haitaki tani, inataka kitu cha kuisukuma iingie kila kona ya kisu kwa wakati mmoja, kisha kiishikilie hapohapo mpaka ipoe.

Presi yenyewe ni chombo chepesi. Ni mbao mbili za plaiwudi ya mm 18, kila moja imebandikwa sponji upande wa ndani, na kitu cha kuzibana. Kisu kikishafunikwa kwa plastiki ya moto kinalala katikati. Basi.

Sponji nzuri ni ile ngumu kiasi, ya neoprini au silikoni, ambayo vitundu vyake vimefungika kiasi kwamba haifyonzi maji. Chukua ya mm 25 kwa kila ubao. Ibonyeze kwa kidole gumba: inapaswa kukataa, kisha ikubali kidogo, na ukiachia irudi palepale bila kuacha shimo. Sponji ya godoro haifai kabisa, kwa sababu hulala bapa kabla haijaisukuma plastiki popote. Mikeka ya mazoezi inafaa kwa kuanzia, lakini mingi hulainika kwa joto na baada ya muda inabaki na umbo la kisu. Ukiitumia, ifunike kwa karatasi ya kuokea ili plastiki isigusane nayo.

Ukubwa wa mbao nao una hesabu yake. Ubao wa sm 20 kwa 30 una eneo la sm za mraba 600. Ukitaka kila sentimita ibanwe kwa nusu kilo tu, unahitaji kilo 300. Punguza ubao uwe sm 15 kwa 25, mahitaji yanashuka hadi chini kidogo ya kilo 190, na kisu cha kawaida bado kinaenea. Kwa hiyo usitengeneze presi ya kuingia panga kama unatengeneza visu vya mfukoni.

Sasa tuje kwenye bawaba, maana hapa ndipo presi nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Mtu anafunga mbao mbili kwa bawaba kama kifuniko cha sanduku, halafu anabandika sponji. Akifunga, sponji za nyuma karibu na bawaba zinabanwa hadi basi, huku za mbele zimeachama. Kisu kinasukumwa kuelekea mdomoni, na ala inatoka imebana upande mmoja na kulegea upande wa pili. Tiba yake ni kuipandisha bawaba. Weka kipande cha mbao kati yake na ubao wa chini, chenye kimo sawa na unene wa sponji zote mbili zikiwa zimeshabanwa na kisu kiko ndani. Kama mm 50 za sponji zinashuka hadi mm 30, kipande hicho kiwe cha mm 30. Kisha funga presi na upime kwa rula kwenye kona zote nne. Kona zikitofautiana, rekebisha kabla ya kuchoma plastiki yoyote.

Mimi naona heri kuachana na bawaba. Natoboa kona nne, napitisha bolti ndefu za mm 10 ziwe reli tu za kuuongoza ubao wa juu ushuke wima, na kubana nawaachia klampu mbili za useremala. Kukaza nati nne kwa spana wakati plastiki inapoa ni kujitesa. Juu ya plaiwudi nagongelea vipande viwili vya mbao nene vinavyokatiza upana, na klampu zinabana juu ya vipande hivyo. Bila hivyo plaiwudi hupinda, na katikati, palipo kisu, ndipo panapokosa nguvu.

Kwa plastiki, bamba la mm 2 la Kydex, plastiki ngumu inayolainika kwa joto, linatosha visu vingi. Bomba la PVC lililopasuliwa na kunyooshwa kwa joto linafaa kwa mazoezi. Kydex nailainisha kati ya nyuzi joto 150 na 180 kwenye oveni ndogo ambayo haitapikia chakula tena. Inua kona kwa koleo: ikijiinamia yenyewe, iko tayari. Uso ukianza kung'aa, umezidisha. PVC ni laini mapema zaidi, na Kydex nayo ina PVC ndani yake, kwa hiyo zote mbili zikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma macho na koo. Fungua madirisha, vaa glavu.

Kabla ya hapo, zungushia bapa la kisu utepe wa karatasi tabaka mbili. Unaipa ala nafasi ya kupumua na unazuia makali yasikate sponji. Ongeza kaukanda kembamba ka sponji juu ya sehemu ambapo mpini unakutana na bapa. Hapo ndipo plastiki inapotakiwa kuzama, maana kile kibonyeo ndicho kinachokishika kisu na kutoa ule mlio wa "tak" kinapoingia. Ala inayoshikilia kisu kwa kubana bapa zima hukwaruza chuma na hulegea upesi.

Fanya zoezi la kufunga ukiwa na plastiki baridi mpaka mikono izoee. Kutoka oveni hadi klampu kukaza usizidishe sekunde 20. Baada ya hapo acha dakika 10, hata kama mikono inawasha. Ukitengeneza ala kadhaa mfululizo, zile za baadaye zipe muda mrefu zaidi, kwa kuwa sponji imeshapata joto na haiachii upesi.

Kydex hukumbuka ilikotoka: ukiipasha moto tena, hurudi kuelekea ubapa wake. Kisu kikicheza ndani ya ala, pasha sehemu ile ya karibu na mpini tu na uibane tena. Umbo likiwa limekosea kabisa, rudisha bamba zima kwenye oveni na uanze upya. Ndiyo maana matundu ya ribiti, vile vipini vya chuma vya kufungia ala, na lile dogo la kutolea maji kwenye ncha, nayatoboa mwisho kabisa, baada ya kugeuza ala juu chini na kuitikisa kisu kikiwa ndani.