Barua kwa mwanangu: Ulijua tangu lini?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema karibu nusu ya watalii wa Juni wa kampuni yako ya safari wameghairi, marejesho ya mkopo wa lile gari la pili hayasubiri, na vijana wako saba hawajui kitu. Unaniuliza uwapunguze watatu sasa hivi, au ukae kimya kwanza uone msimu utakavyokuwa.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 2001 nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa kahawa. Bei ya kahawa ilikuwa imeyumba tangu mgawo wa mauzo kwa kila nchi, chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa, uvunjike mwaka 1989, na sasa Brazil na Vietnam zilikuwa zimejaza soko. Kule New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Sisi tulikuwa tumeshawapa wakulima malipo ya awali kwa fedha za mkopo. Nilikuwa nashuka mnadani Moshi mjini, narudi na karatasi ya bei iliyo mbaya kuliko ile ya kabla yake, naikunja, naitia mfukoni. Wanakamati niliwaambia tusiuze, bei itarudi. Haikurudi, na riba ilikuwa inatembea.

Februari ndipo nikaitisha mkutano na kutamka kwamba malipo ya pili hayapo. Bibi mmoja akasimama, stakabadhi zake za kahawa kazifunga kwenye pindo la kanga. Hakupaza sauti. “Mwenyekiti, ulijua tangu lini?” Nikamjibu, tangu Oktoba. Akasema Januari alikwenda kukopa ada ya mjukuu kwa mtu, akitegemea hayo malipo. Kisha akakaa, akaanza kuifungua ile kanga na kuifunga tena.

Bei kuanguka watu walielewa. Ile miezi minne hawakunisamehe, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo waite wiki hii hii. Waoneshe daftari: kilichopo benki, kinachodaiwa, mishahara inatosha miezi mingapi. Usiwaahidi lolote usilolijua. Halafu wasikilize, maana huwezi kujua nani ana shamba la vitunguu Mang'ola angependa kulirudia mpaka Julai, nani anaweza kuvumilia nusu mshahara, na nani ana mgonjwa nyumbani, hawezi kabisa. Hayo hutayapata ukiwa umejifungia ofisini na kikokotoo.

Na kupunguza watu kusiwe jambo la kwanza. Mwaka ule wapo walioing'oa kahawa wakapanda nyanya. Siwalaumu, walikuwa na watoto shuleni. Lakini mbuni unaung'oa asubuhi moja, na ukiupanda upya ni kama miaka mitatu ndipo uanze kuchuma. Dereva anayeijua Serengeti wakati wa mvua, anayejua tope lipi litaimeza gari, humpati kwa tangazo. Gari lenyewe linauzwa, na siku moja linanunuliwa jingine.

Benki nenda kabla hujakosa hata rejesho moja, uwaombe wakupangie upya. Amana za wageni ambao bado hawajasafiri usiziguse kwa mshahara wala kwa mafuta; hizo si zako mpaka wapande gari. Nakuomba sana hapo.

Kisha wekeni tarehe. Tuseme ikifika katikati ya Mei hamjapata safari kadhaa, idadi mpange wote, gari la pili liuzwe. Iandikeni ukutani. Mimi sikuweka tarehe, ndiyo maana kila mnada niliona bora nisubiri mmoja zaidi.

Jumamosi nitapanda Costa ya asubuhi kuja Arusha, mama yako anakufungia mkungu wa ndizi. Kikao ukifanye kabla sijafika. Wakiniona pale watadhani nimeamua mimi, na uamuzi huo ni wako na wao.

Baba yako,
Kibosho